Mashine Zilizodumu Mno: Kisa cha Platt Brothers wa Oldham

Tarehe 21 Desemba 1929 ulitiwa saini mkataba ambao miaka thelathini nyuma ungewafanya watu wa Oldham wacheke hadi machozi. Platt Brothers, kampuni iliyokuwa ikihesabiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani katika kuunda mashine za nguo, ilikubali kulipa pauni 100,000 ili iruhusiwe kuunda mtambo wa kufuma uliobuniwa na Mjapani. Mjapani huyo, Sakichi Toyoda, alikuwa mtoto wa seremala. Aliyetumwa kujadiliana ni mwanawe, Kiichiro, ambaye mwaka 1922 alikuwa ameingia kiwanda hichohicho cha Platt kama mwanafunzi, akitazama jinsi Waingereza wanavyounda mashine.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya mzee aliyelala na kijana aliyewahi kuamka. Simulizi hilo ni tamu, lakini halinitoshi. Ukiupitia mwenendo wa Platt muongo kwa muongo, huoni watu waliolala. Unaona watu walioamua kwa akili kila mara, wakitazama daftari la oda, na daftari hilo likawadanganya kila mara. Kinachonivutia ni hilo daftari.

Kiwanda kilichokuwa mji

Henry Platt na mshirika wake Elijah Hibbert walianza Oldham, kaskazini mwa Uingereza, mnamo miaka ya 1820. Wakati huo sheria ilikataza kupeleka mashine za nguo nje ya nchi. Waingereza hawakutaka ujuzi wao utoroke. Marufuku hiyo ilifutwa mwaka 1843, na mara moja soko likafunguka kutoka Lancashire, jimbo ulimo mji wa Oldham, hadi popote penye pamba. Karakana kubwa ya Hartford ilianza kujengwa Werneth, kando ya reli, ikaendelea kupanuliwa kwa miongo. Kufikia miaka ya 1890 Platt walikuwa na wafanyakazi wapatao 15,000, karibu mara mbili ya washindani wao wa karibu. Walikuwa hata na migodi yao ya makaa ya mawe.

Mtu asiyewahi kuingia karakana za aina hiyo hudhani uwezo wa uzalishaji ni majengo na mashine. Tuitazame basi kazi yenyewe. Myuli, mashine ya kusokota iliyotamba Lancashire, ilikuwa na spindeli zaidi ya 1,000, yaani vijiti vinavyozunguka kuusokota uzi, zikiwa zimepangwa mstari mmoja kwenye behewa lenye urefu wa kama mita 40. Behewa hilo hutoka kwa takriban mita moja na nusu huku likivuta na kusokota, kisha hurudi likiuvingirisha uzi. Hufanya hivyo mchana kutwa. Likipinda kidogo tu, nyuzi zinakatika upande mmoja na kulegea upande wa pili. Kwa hiyo fremu za chuma cha kusubu lazima zitulie: karakana nyingi za enzi hizo zilikuwa na desturi ya kuviacha vipande vilivyosubiwa vikae nje kwa miezi, mvua na baridi vivipige, ili chuma kimalize kujikunja kabla hakijachongwa. Mtaji umelala uwanjani unaota kutu, na hakuna njia ya mkato.

Vipande vikishakerezwa na kupimwa, mashine haiwezi kusafirishwa ikiwa nzima. Huunganishwa karakanani, hujaribiwa, hufumuliwa, hutiwa katika makasha, kisha fundi fita huifuata hadi kwa mteja, iwe Moscow au Bombay, akaisimamishe upya. Fundi huyo hakuandaliwa kwa mwaka mmoja. Alianza uanagenzi akiwa kijana mdogo, na mkono wake ulijua kwa kugusa kile ambacho mchoro haukukieleza. Hapo ndipo uwezo halisi wa Platt ulipokuwa. Banda jipya unaweza kulijenga kwa mwaka mmoja, lakini fita mzuri humpati kwa mwaka mmoja, na ukimwachisha kazi wakati wa ukame hurudi nadra: amekwenda kwenye kiwanda cha injini, au amehamia ng'ambo.

Hesabu inayotisha

Sasa tuingie kwenye tatizo ambalo kila muundaji wa mashine za nguo analijua, hata kama hana jina lake. Chukua eneo lenye viwanda vya nguo vyenye jumla ya mashine 100, kila mashine ikidumu miaka 25. Kila mwaka mashine 4 huchakaa na kubadilishwa. Muundaji anaishi kwa oda 4. Mwaka mmoja mahitaji ya kitambaa yanapanda kwa asilimia 8. Wenye viwanda wanataka mashine 8 za nyongeza, juu ya zile 4 za kawaida. Oda zimekuwa 12, mara tatu, kwa sababu tu watu wamenunua nguo zaidi kidogo.

Mwaka unaofuata kitambaa kinaendelea kupanda, ila kwa asilimia 4. Oda zinashuka hadi 8. Angalia vizuri: biashara ya nguo bado inakua, wauza kanga na mashati wanachekelea, na muundaji wa mashine amepoteza theluthi ya kazi yake. Mwaka wa tatu kitambaa kikisimama palepale, anarudi kwenye 4. Kikishuka kwa asilimia 4, hapati hata oda moja. Nimeikata hesabu pembeni ili isomeke kirahisi, lakini sura yake ni hiyohiyo.

Kinachouma zaidi ni ubora. Weka mashine inayodumu miaka 50 badala ya 25: oda za kawaida zinakuwa 2 kwa mwaka, na ule ukuaji wa asilimia 8 unazirusha hadi 10, mara tano. Kadiri unavyounda mashine imara, ndivyo unavyozidi kurushwa juu na kubwagwa chini. Platt walisifika kwa uimara. Chuma chao kilikuwa kizito, na viwanda vya Lancashire viliendelea kuzungusha mashine za babu hadi kwa wajukuu. Meneja wa mauzo aliyesifiwa kwa hilo alikuwa akisifiwa kwa kumfukuza mteja wake asirudi.

Kwa nini basi walijenga kwa ajili ya 12 na si kwa ajili ya 4? Kwa sababu mteja mwenye pesa mkononi hasubiri. Lancashire ilikuwa na waundaji wengine wakubwa hatua chache tu kutoka mlangoni: Asa Lees palepale Oldham, Dobson & Barlow Bolton, Howard & Bullough Accrington. Ukimwambia mteja arudi baada ya miaka miwili, kesho anakunywa chai kwa jirani yako. Kampuni iliyokataa kupanuka wakati wa wimbi ilipoteza soko. Iliyopanuka ilibaki na mabanda matupu wimbi likishapita. Hapakuwa na uamuzi wa tatu uliokuwa wazi.

Platt walijitafutia nafuu kwa kuuza mbali. Soko la nyumbani likilala, huenda Urusi ikawa imeamka. Ludwig Knoop, wakala wao mashuhuri kule, aliviwekea mashine viwanda vingi vya Urusi. India ilikuwa ikinunua tangu kilipoanzishwa kiwanda cha kwanza cha Bombay katika miaka ya 1850. Japani nayo ikaingia: kiwanda cha Osaka kilichofunguliwa mwaka 1883 kilianza na spindeli 10,500 za Platt. Kwa muundaji anayeogopa mawimbi, hii ni busara tupu, kwani mawimbi ya nchi tofauti hayapandi siku moja.

Ila lilikuwepo jambo moja ambalo daftari la oda halikulionyesha. Osaka waliziendesha mashine zao mchana na usiku, zamu mbili, huku Lancashire zikizimwa jioni. Mashine ya Osaka ilichakaa kwa kasi mara mbili, na ilipochakaa ilibadilishwa kwa ya kisasa zaidi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1880 Wajapani waliiacha myuli wakahamia mashine ya ringi, inayosokota na kuvingirisha kwa pamoja bila behewa la kwenda na kurudi, na ambayo haihitaji msokotaji mwenye uzoefu wa miaka. Waliinunua kwa nani? Kwa Platt hasa, kupitia kampuni ya Mitsui. Karakana moja ya Hartford ilikuwa inaunda ringi kwa ajili ya Osaka na, upande wa pili wa ua, myuli kwa ajili ya jirani wa Oldham. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulalamika. Pesa zote zilikuwa pauni.

Kilele

Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuja wimbi ambalo halijawahi kuonekana. Kati ya 1904 na 1907 viwanda vipya vilichipuka Lancashire kama uyoga, vingi vikiwa vya makampuni ya hisa, na waundaji wa mashine wenyewe waliingia kwa kukopesha mashine au kushika hisa ili wapate oda. Kufikia 1911 mji wa Oldham peke yake ulikuwa na spindeli zaidi ya milioni 16, katika dunia iliyokuwa na milioni 140 na ushee. Fikiria: takriban spindeli moja kati ya kila tisa za dunia ilikuwa ndani ya mji mmoja, na karibu na kila moja palikuwa na fundi aliyefunzwa na Platt au na mshindani wake.

Hilo la kushika hisa za mteja halizungumzwi sana, nami nalihesabu kuwa kosa la wazi kuliko yote. Muundaji anayemkopesha mteja ili mteja anunue mashine anajiuzia mwenyewe. Oda inaonekana ni ya soko kumbe ni ya mfuko wake wa kushoto kwenda wa kulia, na kwenye daftari zote mbili zinafanana.

Vita vya 1914 vilisimamisha kila kitu, karakana zikageuzwa kuunda silaha. Mwaka 1919 amani iliporudi, dunia ilikuwa uchi; kila mtu alitaka kitambaa na bei zilipaa. Wenye pesa walitaka viwanda vipya, lakini waundaji wa mashine walikuwa bado wanajipanga, bei ya mashine imepanda mno na foleni ni ndefu. Kwa hiyo wenye pesa wakanunua viwanda vya zamani kwa bei ya kurukwa na akili, kwa mikopo ya benki. Karibu nusu ya uwezo wa kusokota wa Lancashire ilibadilisha wamiliki ndani ya miezi michache ya 1919 na 1920. Hakuna spindeli mpya iliyoongezeka kwa biashara hiyo. Kilichoongezeka ni deni. Mwisho wa 1920 soko likaanguka, na viwanda vilivyokuwa wateja wakuu wa Platt vikabaki na madeni yasiyoruhusu kununua hata skrubu.

Nadhani hapa ndipo kisa kinapogeukia. Upungufu wa uwezo wa miaka miwili ulizaa ukame wa miaka ishirini. Laiti waundaji wa mashine wangeweza kutoa mashine upesi mwaka 1919, sehemu ya pesa ile ingeingia kwenye ringi mpya na mitambo ya kufuma inayojiendesha, badala ya kuingia kwenye hati za umiliki. Sidai kwamba Lancashire ingeokoka. Japani na India zingeendelea kukua vyovyote vile. Lakini mteja wa Platt asingeingia ukame huo akiwa amefungwa mikono yote miwili.

Mkataba na mstari wake mdogo

Turudi 1929. Mtambo wa Toyoda, aina ya G, uliokamilika mwaka 1924, ulibadilisha wenyewe, bila kusimama, kipisho, yaani chombo kinachopitisha uzi wa mshindio kwenye upana wa kitambaa, na ulijizima uzi wa mtande, ule wa urefu, ukikatika. Mfumaji mmoja aliweza kuangalia makumi ya mitambo. Lancashire iliijua dhana hiyo tangu miaka ya 1890, pale mtambo wa Northrop ulipotoka Marekani, ikaichukua kidogo mno. Sababu zilikuwa na mantiki yake: mitambo ya kawaida ilikuwa imeshalipiwa zamani, wafumaji hodari walikuwepo, na vitambaa vilikuwa vya aina nyingi katika oda ndogondogo. Mtambo unaojiendesha hulipa pale unapofuma kitu kilekile kwa wingi.

Platt walipata haki ya kuunda na kuuza mtambo huo duniani isipokuwa Japani, China na Marekani. Usome tena mstari huo. Nchi zilizotengwa ndizo zilizokuwa na viwanda vikubwa vyenye njaa ya mitambo ya aina hiyo, au zilizokuwa zinaelekea huko. Platt walibakiwa na Lancashire isiyo na pesa, na India, ambako siasa ya kuvisusia vitambaa vya Uingereza ilikuwa imepamba moto. Halafu mdororo wa dunia ukaingia kabla wino haujakauka vizuri. Mitambo ya Toyoda iliyoundwa Oldham ikauzwa michache, na Platt wakaomba wapunguziwe malipo.

Kwa upande wa pili, kiwanda cha Toyoda kilichoanzishwa Kariya mwaka 1926 kilijengwa kuunda mtambo mmoja, kwa vipande vinavyobadilishana bila kupigwa tupa na fita. Nakiri kwamba hapa ndipo ninapowahurumia Platt. Ukuu wao wote ulikuwa kwenye mikono ya mafita waliojua kuoanisha vipande visivyolingana sawasawa. Leseni uliyonunua inakupa michoro, lakini haikupi desturi ya kazi iliyozaa michoro hiyo. Kununua mtambo uliobuniwa kwa vipande vya vipimo vikali na kuupeleka kwenye karakana inayotegemea tupa ni kununua mbegu ya mpunga ukapande mlimani. Kiwanda cha Kariya, kwa taarifa yako, kilifungua idara ya magari mwaka 1933.

Mwaka huo wa 1933 Japani iliipita Uingereza kwa yadi za kitambaa cha pamba kilichouzwa nje. Miaka miwili kabla, Platt na washindani wao wakuu walikuwa wameunganisha biashara zao chini ya Textile Machinery Makers, maana yake hasa ikiwa ni kufunga mabanda kwa utaratibu badala ya kuyafunga kwa kuuana. Mwaka 1936 Bunge likapitisha sheria ya kuzinunua na kuzivunja spindeli za ziada, lengo likiwa kama milioni 10. Fundi wa Oldham aliyeziunda aliishi kuona wenye viwanda wakitozwa kwa sheria ili zipigwe nyundo.

Wimbi la mwisho, na lililofuata

Ungedhani baada ya hapo somo lilikuwa limeingia. Liliingia, kupita kiasi. Mwaka 1945 vita vya pili vilipokwisha, viwanda vya Japani na Ujerumani vilikuwa vifusi na kila nchi ilitaka mashine za kusokota. Waundaji wa Uingereza, waliokuwa wametumia miaka ya 1930 kujipunguza na miaka ya vita kuunda silaha, hawakuwa na watu. Vijana hawakuwa wamepewa uanagenzi kwa muda mrefu. Nani angemfundisha kijana kazi isiyokuwepo? Foleni ikawa ya miaka. Walitosheka na foleni hiyo, na sioni ajabu: aliyeungua na uji hupuliza hata maji baridi.

Lakini mteja aliyeambiwa asubiri alitafuta pengine. Waswisi, ambao karakana zao hazikupigwa bomu, walikuwa tayari. Rieter wa Winterthur walichukua nafasi kwenye usokotaji, na Sulzer wa mji huohuo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaingiza sokoni mtambo wa kufuma usiotumia kipisho kabisa. India nayo ilichoka kungoja meli. Mwaka 1962 ilianzishwa Lakshmi Machine Works mjini Coimbatore kwa ujuzi wa Rieter, na leo ni mmoja wa waundaji wachache duniani wa mfululizo mzima wa mashine za kusokota. Mteja wa miaka mia moja wa Oldham alikuwa amejifunza kazi, na mwalimu wake alitoka Winterthur. Mwaka 1967 Chekoslovakia ikauza mashine ya kusokota isiyotumia ringi wala myuli, na ujuzi mwingine wa Oldham ukapoteza bei.

Nyumbani, sheria ya 1959 ililipa tena ili takriban nusu ya spindeli za Lancashire zivunjwe. Platt, waliokuwa sasa chini ya kundi la Stone-Platt, walifanya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kile walichokifanya mara zote soko lilipopanda: walinunua uwezo. Safari hii ulikuwa wa Marekani, kampuni ya Saco-Lowell, ambayo nayo ilikuwa mzee wa kazi hiyo kutoka New England. Bei ya mafuta ikalipuka mwaka 1973, viwanda vya nguo duniani vikafunga mikoba, na kundi likabaki na karakana pande zote mbili za bahari zikigombea oda zilezile chache, huku pauni ikiwa ghali na riba zikipanda kuelekea 1980. Stone-Platt ilikabidhiwa kwa wafilisi mwaka 1982.

Upande wa mashine za nguo ulinunuliwa na Mmarekani aliyekuwa akiuza vipuri vya kuchania pamba. Vipuri, siyo mashine. Zile mashine kongwe za Platt zilizotawanyika duniani zilikuwa bado zinazunguka, na mashine inayozunguka hula vipuri kila mwezi, wimbi liwepo au lisiwepo.